Marashi ya Kaburi la Mbeyu

Kwa Adamji, juu ya Mariakani
14 Januari 2024

Kaka Imtiaz,

Assalaamu alaykum. Huku tu wazima, ukiniondoa mimi na jino langu la nyuma, ambalo limeamua kunikumbusha kwamba hamsini si mchezo. Binti yangu Aida yuko kwa mumewe Mariakani na anatarajia mtoto wa pili. Mbuzi mmoja amezaa pacha. Nisalimie mamako Bi Razia, mwambie nimesikia habari za miguu yake na ninamwombea. Nisalimie pia mwanao Faraz, ikiwa anajua kwamba ana shangazi huku.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Mara ya mwisho ulinikatia nikiwa katikati ya neno. Barua hutaweza kuikata. Utaisoma mpaka mwisho, na ukinyamaza nitajua umenyamaza kwa kusudi. Nampa Arnold, dereva wa lori la Kilindini ambaye hapiti hapa bila kula mahamri yangu. Atakuachia dukani na atarudi kuchukua jibu.

Haya, nisikilize. Wiki iliyopita walikuja watu wa barabara na kopo la rangi nyekundu. Barabara inapanuliwa na itapita juu ya makaburi yetu, jambo unalolijua kuliko mimi maana wewe ndiwe katibu wa jamati, hilo baraza la Waislamu wa Kihindi wenzako. Kila jiwe la kichwani wakalitia nambari. Thelathini na moja. Babetu ni ishirini na saba. Hata mtoto wa marehemu Hasanali, aliyeishi siku mbili tu hapa duniani, ana nambari yake. Mamangu hana.

Nikaenda ofisi ya chifu kuisoma orodha ya watakaohamishwa Mombasa. Nimeisoma juu chini, chini juu. Mbeyu hayumo.

Hakuna jiwe kaburini kwake kwa sababu jiwe lilitaka ruhusa ya jamati, na jamati haikumtambua mke wa Kiduruma, hata aliyesilimu na kufunga Ramadhani zake zote. Sawa, hayo tuliyameza. Lakini kaburi ni kaburi. Mimi sikumzika, unajua wanawake hatufuati jeneza. Mlimtoa ninyi wanaume, sisi tukabaki ndani na Yasini. Siku ya tatu ndipo babetu aliponishika mkono, akanipeleka makaburini na kunionyesha tuta jipya kando ya ukuta. "Mamako huyo," akasema, na akalia mpaka kofia ikamwanguka. Tangu siku ile, karibu miaka thelathini sasa, ufunguo wa lile lango ninao mimi. Nang'oa magugu, nafukuza mbuzi wa majirani, na kila Ijumaa namwagia mamangu marashi unayoniletea.

Nataka aandikwe. Nambari thelathini na mbili. Mkimhamisha babetu, mumhamishe na mkewe, walazwe pamoja. Sijawahi kuwaomba kitu kingine, na baada ya hiki sitaomba tena.

Dadako,
Sarrah binti Adamji


Mji wa Kale, Mombasa
9 Februari 2024

Kwa dada yangu mpendwa Sarrah,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako ilinifikia salama na nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli za duka, kisha mafua, kisha msiba wa jirani. Mama hajambo, anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi dirishani na kulalamika kuhusu kelele za wageni wanaokwenda Ngome ya Yesu. Faraz anamaliza chuo mwaka huu. Biashara ya viungo imelala. Udi ndio unaotutoa.

Nimefurahi kusikia habari za Aida. Allah amjaalie ajifungue salama.

Kuhusu jambo uliloandika. Orodha haikutokana na mawe, dada. Ilitokana na daftari la jamati, na katika daftari lile jina la mamako halimo. Mimi ni katibu tu. Naandika yanayoamuliwa, siamui. Isitoshe, kumfukua maiti si jambo jepesi katika dini. Mashekhe wameruhusu kwa dharura, tena kwa shingo upande. Wewe mwenyewe fikiri: kwa nini tumsumbue? Kwa nini tusimwache mamako apumzike pale alipo?

Nampa Arnold chupa mbili za marashi pamoja na barua hii, zikufikie kabla ya Ramadhani, kama kila mwaka.

Kakako,
Imtiaz


Kwa Adamji
25 Februari 2024

Imtiaz,

Salaam. Jino limeng'olewa. Mtoto wa Aida anapiga teke.

Apumzike pale alipo? Chini ya matairi ya malori? Hebu mwambie Bi Razia akuazime miwani yake uyasome tena uliyoyaandika. Babetu atalazwa Mombasa na ubani na khitma, na mamangu atabaki hapa apitiwe na makontena. Kisha unaniletea marashi. Niyamwage wapi, juu ya lami?

Usinitajie daftari. Daftari mnaandika ninyi, na kalamu anayo katibu.

Nimeandika nikiwa na hasira na sasa nimekunywa maji. Acha nikupe habari nyingine usije ukasema dadako hana jema. Hawa watu wa barabara wameniletea riziki. Wamepiga kambi kwenye stesheni ya zamani, wanachimba mchanga mwekundu nyuma yake, kuanzia kwenye tangi la maji kuelekea nyumbani kwa mzee Nicodemus. Kila asubuhi nakwenda na karai la mahamri na birika mbili za chai. Wanaketi ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia, wanakula na kunitania. Vijana wazuri, wana adabu. Sijawahi kuuza hivi tangu treni zilipoacha kusimama.

Mzee Nicodemus unamkumbuka, yule mkuu wa stesheni aliyestaafu na akakataa kurudi kwao Siaya. Nadhani umri umemwingia kichwani. Jumanne alibeba kiti chake cha mbao, akakiweka mbele ya tingatinga na kuketi, kofia ya reli kichwani. "Hapa hamchimbi," akasema. Kijana wa mashine akamuuliza kama ni shamba lake. "Si shamba langu. Lakini hapa hamchimbi." Hawakumtoa neno jingine tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Msimamizi akatoa simu awaite polisi. Mimi nikaona aibu, mzee wa watu kubebwa juujuu. Nikamwendea.

"Mzee, inuka, n'takupa chai."

Akaniangalia muda mrefu. "Ni wewe unaniambia niinuke, Sarrah?"

"Ni mimi."

Akainuka. Nikamshika mkono mpaka barazani kwake na mashine ikaendelea. Chai hakuinywa, na tangu siku hiyo nikipita anageuza kiti chake kuelekea ukutani. Hivyo ndivyo watu wanavyolipa wema.

Nasubiri jibu, na liwe jibu.

Sarrah


Mombasa
28 Februari 2024

Dada Sarrah,

Salaam. Sote wazima. Naandika kwa haraka, Arnold amesimama mlangoni na injini haijazimwa.

Wanachimba sehemu gani hasa? Karibu na tangi, au wameshafika kwenye mwarobaini ulio pembeni mwa nyumba ya Nicodemus? Kama hawajafika, waambie wasimame. Waambie lolote. Waambie kuna bomba, kuna waya wa stima, waambie jamati imekataza. Usiniulize sababu sasa hivi. Nitakuja mwenyewe Jumapili na nitakueleza.

Imtiaz


Kwa Adamji
22 Aprili 2024

Kaka,

Assalaamu alaykum na Idd Mubarak, ingawa imeshapita. Aida amejifungua salama, mtoto wa kike. Wamempa jina Mbeyu. Sikuwaambia mimi.

Jumapili ile nilichinja jogoo. Nilipika pilau, nikafua mashuka, nikamwazima jirani kiti chenye mgongo kwa sababu najua una mgongo mbaya. Nilikaa na ile sufuria mpaka alasiri, kisha nikawapa vijana wa barabara wakala. Jumatatu ulinipigia simu. Niliona jina lako, nikapokea, nikasema halo mara tatu. Nilikusikia ukipumua, Imtiaz. Ukakata. Mwezi mzima wa Ramadhani sikupata hata salamu kutoka kwako.

Unauliza wamefika wapi. Barua yako ilipofika walikuwa wameshaupita mwarobaini siku mbili nyuma. Wameung'oa na mizizi yake. Mchanga wote umepakiwa na kumwagwa barabarani, kutoka hapa hadi huko mbele kusikoonekana. Shimo limejaa maji ya mvua za masika na mbuzi wangu wanakunywa humo. Sasa niambie, wewe mtu wa udi na iliki, shimo la mchanga linakuhusu nini? Nakuomba kaburi la mamangu, unaniuliza habari za mwarobaini. Nadhani unanizungusha kama mtoto apewaye pipi asahau anacholilia.

Basi mimi nitafanya kama mzee Nicodemus. Siku jamati itakapokuja kufukua, nitabeba mkeka wangu niketi juu ya tuta la mamangu. Sitainuka mpaka aandikwe. Waje na polisi, waje na askari, waje na Bi Razia na fimbo yake.

Sarrah


Mombasa
12 Mei 2024

Kwa dada yangu Sarrah,

Assalaamu alaykum. Hongera ya mjukuu, Allah amkuze. Mama pia anatoa hongera. Alilisikia jina la mtoto, akasema ni jina zuri.

Ninayo habari. Jana jamati ilikutana na nikasema mbele yao maneno ambayo sijawahi kuyasema maishani mwangu. Niliwaambia kama Mbeyu hatoki, babangu pia hatoki, na watafute katibu mwingine. Mzee mmoja akanitupia maneno kuhusu damu. Nikamwambia damu ya dadangu ndiyo iliyolinda makaburi ya wazazi wake miaka yote hii, wakati yeye hajui hata lango liko upande gani. Kelele zikawa nyingi lakini mwisho wamekubali. Mbeyu ni nambari thelathini na mbili. Atalazwa Mombasa, ubavuni kwa babetu, na atawekewa jiwe lenye jina lake.

Kazi itafanyika Jumamosi, tarehe nane Juni. Nina ombi moja tu, na nakuomba ulishike kama unanipenda. Siku hiyo kaa nyumbani. Makaburini si mahali pa mwanamke siku kama ile, na kuyaona hayo kutakuumiza. Usomee Yasini nyumbani, sisi tutafanya yaliyobaki.

Kakako,
Imtiaz


Kwa Adamji
20 Mei 2024

Kakangu Imtiaz, mwana wa baba,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikiwa nimesimama, kisha nikaketi chini nikalia kama mjinga, mahamri yakaungua. Nilimpa Arnold yale yaliyoungua na hakulalamika.

Nilikudhania vibaya. Ninapokasirika mdomo wangu haujui kituo, nimeurithi kwa mamangu huo. Kila neno baya nililokuandikia tangu Januari nalirudisha. Na yale ambayo sikuyaandika, ya miaka ya nyuma, wewe kusomeshwa Mombasa na mimi kuachwa hapa na rafu tupu za duka, na hayo pia nimeyasamehe. Umenisemea mbele ya watu. Hakuna aliyewahi kunisemea mbele ya watu.

Nimenunua kitambaa cha sanda Mariakani na ninakishona kwa mkono wangu. Sikupata kumvisha mamangu, walimkafini wanawake wakubwa na mimi nilikuwa nimezirai. Safari hii sanda ni yangu. Nitaitia yale marashi uliyoniletea, chupa moja nzima. Mwambie shekhe asije na nyingine.

Bi Razia mwambie jina la mtoto linaendelea vizuri, linanyonya na kulala.

Dadako anayekupenda,
Sarrah


Mombasa
6 Juni 2024

Sarrah,

Barua yako ya sanda imenimaliza. Nimeiweka mfukoni wiki mbili. Laiti ungeendelea kunitukana ningeweza kunyamaza mpaka kaburini. Sitaulizia hali leo. Nisome mpaka mwisho, kama ulivyoniambia mimi.

Mamako hayumo ndani ya ukuta. Hajawahi kuwamo.

Asubuhi aliyofariki, babetu alipiga simu jamati kuomba ruhusa ya kumzika. Walikataa. Walisema makaburi yale ni ya walio katika daftari. Babetu alisihi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nao wakakata simu. Nilikuwa nimesimama karibu yake dukani. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Mzee Nicodemus alikuja kutoa rambirambi akamkuta babetu ameegemea mizani, na alipoambiwa akasema, "Ardhi ya reli ninaiangalia mimi. Mlete." Jeneza lilipotoka nyumbani kwenu halikwenda makaburini. Lilizunguka nyuma ya stesheni. Tulimchimbia pale ulipokuja kuota mwarobaini, pembeni mwa nyumba ya Nicodemus, tukamswalia watu saba.

Babetu alituapisha sote. Alisema wewe usijue kamwe kwamba mamako amekataliwa hata na udongo. Kisha tukaingia makaburini, mimi na yeye, tukakusanya mchanga tukajenga tuta kando ya ukuta. Jembe nililishika mimi. Ndani yake hamna mtu. Wale watu wengine wa siku ile wameshakufa wote, tumebaki mimi na Nicodemus.

Kuna la pili. Babetu alipokuwa mahututi aliniusia nimzike nje, chini ya mwarobaini, kwa Mbeyu. Nilimwitikia ndiyo. Nilipotoka chumbani nikamwogopa mamangu na jamati, nikamlaza ndani ya ukuta, karibu na tuta tupu, ili hata wewe usishuku.

Na kila mwaka nimekuletea marashi, nikijua unayamwaga juu ya mchanga.

Uliponiandikia kwamba wanachimba nyuma ya stesheni, nilitaka kukuambia. Nilikupigia, ukasema halo, sauti ni ya mamako ile ile, nikakata. Ile Jumapili niliondoka nyumbani asubuhi. Nilifika Kibarani, nikasimamisha gari kando ya njia, nikakaa, nikageuza. Nikajiambia kama mashine imeshapita, kukuambia kutamfaa nani? Nikaona afadhali nipigane na jamati upate jiwe, upate pa kuomba dua. Nikakuomba ukae nyumbani keshokutwa kwa sababu wakichimba hawatakuta kitu, nami nilitaka usione.

Nampa Arnold barua hii sasa hivi ikufikie kabla. Mimi sitakuja. Nimewaambia nina homa.

Sijui niweke neno gani mwishoni.

Imtiaz


Kwa Adamji
16 Juni 2024

Imtiaz,

Arnold alizuiliwa bandarini siku nne kwa karatasi za mzigo. Barua yako ilinifikia Jumatatu. Jumamosi ilikuwa imeshapita.

Sikukaa nyumbani. Ufunguo wa lango ni wangu, nani angefungua? Nilisimama na buibui langu karibu na ukuta, shekhe akanitazama vibaya nami nikamtazama. Walianza na nambari moja, wakaenda hadi thelathini na moja. Babetu alikuwa mdogo mno mikononi mwao. Kisha nikawaonyesha thelathini na mbili, nikawapa sanda.

Walichimba futi mbili wakagonga ardhi ngumu. Wakachimba ya tatu kwa sururu. Mmoja akapangusa jasho, akasema, "Hapa hapajazikwa mtu, mama. Udongo huu haujaguswa tangu dunia iumbwe." Shekhe alimkaripia, akasema huenda marehemu ameungana na ardhi, wachote mchanga. Wakachota majembe matatu wakautia kwenye sanda niliyoishona, wakaifunga kichwani, kiunoni na miguuni, wakaipakia pamoja na wengine. Nilisimama pale nikaona mchanga unavalishwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee Nicodemus. Safari hii hakugeuza kiti. Alikibeba, akatangulia mbele yangu polepole mpaka ukingoni mwa shimo, akakiweka, akaniketisha mimi. "Ni hapa," akasema. "Mwarobaini niliupanda mimi ili nipajue."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Niliapa kwa baba yako. Nikasema nitakaa tu, mtu atauliza mpaka ajue. Halafu ukakuja wewe mwenyewe ukaniambia niinuke. Nikafikiria ndugu yako amekwambia, na umekubali."

Mimi ndimi niliyemwinua, Imtiaz. Kwa mkono huu. Na kesho yake nilirudi na karai langu, nikawauzia chai vijana wakiwa wameketi juu yake, nikawacheka, nikawaongezea sukari. Nilikuandikia yote haya Februari, nikaona ni habari njema. Wewe uliisoma barua ile ukijua. Ulijua ni nani yuko chini ya miguu yao. Ungeniandikia neno moja tu, "mamako," kabla hujamsimamisha Arnold mlangoni, labda ningepata hata mfupa mmoja wa kufunga.

Unasema jamati ilimkataa. Jamati ilimkataa siku moja. Wewe umemkataa miaka thelathini, tena kwa adabu, na zawadi kila mwaka. Mara mbili mmeniambia nikae nyumbani kwa kuwa mimi ni mwanamke, na mara zote mbili mlikuwa mnamficha mamangu. Babetu angalau aliona haya kwa sababu ya mapenzi. Wewe uliona haya kwa sababu ya wazee wa baraza.

Nasikia jiwe limeshachongwa, Mbeyu mke wa Adamji, na Ijumaa watu walisimama hapo wakasoma Fatiha. Sitakuja kuliona. Usimwambie mtu. Acha wamheshimu mchanga, ndiyo heshima wanayoiweza. Mamangu yuko barabarani, kutoka hapa hadi huko mbele, na malori yote ya Kilindini yanampita juu. Arnold nimemwambia. Sasa akipita anapunguza mwendo, lakini hajui aanzie wapi wala aishie wapi.

Ule msamaha niliokupa mwezi wa Mei nautaka urudi. Nilimpa mtu mwingine.

Mjukuu hajambo. Bi Razia msalimie.

Chupa ya marashi iliyobaki nimempa Arnold akurudishie. Usiniletee tena. Huku sina pa kuyamwaga.

Sarrah